Baba yangu alikosa ufundi wa ndege za Mwingereza kwa sababu alipokea spana kwa mikono miwili

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Huku Makambako baridi inauma mpaka mfupa, nimesogeza jiko la mkaa chini ya meza ya ofisi nikasema leo kazi zisubiri, niandike.

Kuna kijana hapa jukwaani kauliza hivi: ukiingia jeshi la anga kama askari wa kawaida, huna digrii, unaishia kufanya kazi gani?

Wamemjibu watu wengi na wote wanaongelea urubani. Mmoja kamwambia bila Physics asahau. Nikacheka peke yangu mpaka karani wangu akachungulia mlangoni.

Ninachoandika hapa sio chai, sio uongo wa kutunga. Nilikipata kwa mdomo wa baba yangu mzazi, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata akivua samaki hamwongezi urefu. Na kipande cha mwisho nilikiona kwa macho yangu haya mawili.

Kwanza mnijue. Mimi ni darasa la nne. La tano niliingia wiki moja nikatoka, mpaka leo sijui walisoma nini. Lakini simama njia panda ya Makambako utaje jina langu la utani, hata mama wa maparachichi atakuonyesha geti. Malori yangu yanapanda Lupembe kwenye tope ambalo wenye digrii zao wanageuza. Injini ikiumwa naisikia kabla fundi hajashuka kwenye pikipiki.

Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifia?

Sasa hilo sikio la injini sikulizaa mimi. Twende kwa mzee.

Baba yangu, Mzee Zakaria, alizaliwa kijiji kimoja jirani na Njombe. Mbena, Mlutheri, kwao ulezi na ng'ombe wachache. Enzi hizo ni za Mwingereza, nchi inaitwa Tanganyika. Njombe yenyewe ni boma la Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kizungu, kanisa, maduka mawili matatu, na ukungu.

Pale boma palikuwa na kiwanja cha ndege cha nyasi. Ndege inakuja mara moja moja ikileta wakubwa wa serikali. Kabla haijatua, watu wanaitwa kufyeka nyasi na kuswaga ng'ombe.

Siku moja baba, kijana wa miaka kama kumi na minane, naye kaitwa kufyeka. Ndege ikatua. Wakubwa wakaenda bomani kunywa chai, rubani akabaki, akafungua mfuniko wa injini.

Mzee alikuwa anasema siku ile hakuiona ndege. Aliiona injini.

"Nilidhani inapaishwa na kitu cha ajabu," aliniambia. "Kumbe ni vyuma hivi hivi, mwenye akili kavipanga vizuri."

Rubani akamfukuza kwa mkono kama anafukuza kuku. Too late. Kijana kashaona.

Kuanzia hapo akawa mtu wa kushinda kwenye mashine ya kusaga ya misheni. Analainisha, anafungua, anafunga. Spana akaijua kwa kuitazama nati tu, anakwambia hii inataka ya ukubwa gani. Lakini akilala anaota ile nyingine, ya kiwanjani.

Ikaja vita ya pili ya dunia. Tangazo likasomwa bomani: wanatakiwa vijana wa kazi za ardhini kwenye jeshi la anga la Mwingereza, kituo kiko Nairobi. Lori litachukua watu Makambako.

Wenzake walikuwa wanaogopa jeshi. Yeye alikuwa wa kwanza kuandikwa.

Njombe mpaka Makambako ni siku mbili kwa mguu, kwa mtu aliyebeba blanketi na viazi vya kuchoma. Bibi yangu, yaani mama yake, alimsindikiza mpaka mtoni. Hakulia. Alimwambia hivi:

"Ukifika kwa watu usituaibishe. Mkubwa akikupa kitu, pokea vizuri."

Wakuu, hilo neno la bibi liwekeni mfukoni, tutalihitaji.

Kwa wasiojua: kwetu kitu kinachotoka kwa mkubwa hakipokelewi kwa mkono mmoja. Unaleta mikono yote miwili na goti linapinda kidogo. Ukileta mkono mmoja, umemwambia aliyekupa kwamba ni mwenzako. Mtoto wa Kibena hafundishwi hilo shuleni, anafundishwa kwa makofi kabla hajajua kuongea vizuri.

Makambako wakati huo haikuwa hii mnayoipita na basi mkinunua viazi dirishani. Ilikuwa njia panda, duka moja la Mhindi na vumbi. Lori lilisimama mahali ambapo, kwa maelezo ya mzee, ni mwendo wa sigara moja kutoka yadi yangu ya sasa. Nimewahi kupasogelea nikasimama tu.

Hapo ndipo alipokutana na Aloni.

Aloni alikuwa Mkinga wa Matamba. Alishuka milima kaja na gunia zima la viazi kichwani. Na mnajua Mbena na Mkinga wakikutana hawasalimiani, wanachokozana.

"We Mbena," Aloni akaanza, "umekuja kwenye ndege na blanketi? Utalala huko juu?"

"Na wewe Mkinga na gunia, unaenda kufungua genge vitani?"

"Nikikosa mnunuzi nitamrushia Mjerumani."

Urafiki ukaanzia hapo. Wakapanda lori moja. Iringa, Dodoma, Arusha, Nairobi. Viazi vya Aloni viliisha Dodoma. Mzee aliapa kwamba viliuzwa, havikuliwa.

Sasa kijana uliyeuliza swali, sikiliza hapa.

Pale Nairobi walikuta kwamba kwenye jeshi la anga anayeruka ni mmoja, na walioko chini wakimwezesha aruke ni umati. Kuna madereva. Kuna wapishi. Kuna makarani wa stoo, madresa wa kufunga vidonda, walinzi, wapiga simu, wafagia njia ya kurukia. Kuna mafundi na wasaidizi wao. Unaanza kuruta, unakuwa askari wa daraja la pili, la kwanza, ukijituma unavaa ukoplo, wachache wanafika usajenti. Mwafrika hakupita hapo.

Lakini kitu kikubwa kilikuwa fani. Cheo unaweza kukisubiri. Fani unapangiwa siku za mwanzo kabisa, na hiyo ndiyo inaamua utalala unanuka nini: oili, vitunguu, au kiwi ya viatu.

Baba alitaka oili tu.

Walipelekwa kwenye banda la ndege, foleni ndefu. Mbele kuna injini ya mazoezi juu ya stendi. Anayesaili ni sajenti Mzungu, mtu mzima mwenye mvi. Pembeni mkalimani, mtu wa Pwani.

Mtihani wenyewe mfupi. Unanyanyua mfuniko wa injini kwa mkono wa kushoto na kuushikilia juu. Sajenti anakupa spana. Unalegeza nati anayokuonyesha. Basi.

Baba kwenye foleni kashaiona ile nati, kashajua na spana yake. Alimnong'oneza Aloni aliyekuwa nyuma yake, "Hii nimemaliza."

Zamu yake ikafika. Mkono wa kushoto ukanyanyua mfuniko. Sajenti, mtu mzima, mwenye mvi, akamnyooshea spana.

Baba akapokea.

Kwa mikono miwili. Na goti likapinda.

Wakuu, ule mfuniko ulishuka ukatua juu ya buti la sajenti, kisha ukaendelea na safari mpaka sakafuni kwa kelele ambayo mzee alisema aliisikia masikioni miaka yote.  Banda zima likacheka.

Sajenti akamgeukia mkalimani. "Muulize kwa nini ameachia."

"Mwambie nilikuwa napokea," baba akajibu.

Mkalimani akasema alichosema. Sajenti hakukasirika, na hilo ndilo lilimuuma zaidi mzee. Alisema kwa upole, kama anamwelekeza mtoto:

"Mwambie kwenye bawa ukiachia, mtu anakufa. Anayefuata."

Aliyefuata ni Aloni. Kushoto mfuniko, kulia akaidaka spana kama mtu anayepewa kiazi na shemeji yake. Nati ilimsumbua, maana spana alikuwa hajawahi kuishika toka azaliwe! Lakini mfuniko haukutikisika.

Aloni akaandikwa msaidizi wa fundi. Baba akaandikwa zimamoto.

Nisikilizeni. Zimamoto sio kazi ndogo, nisije nikaonekana nadharau. Lakini mjiweke kwenye viatu vya yule kijana. Kila ndege ikitaka kutua, wao wanatoka na gari lao, wanasimama kando ya njia, injini inanguruma, mabomba tayari. Ndege inatua. Haijaungua. Wanarudi. Inakuja nyingine.

Kazi yake ikawa kuzitazama ndege na kuomba zisiungue.

Na sheria ilikuwa moja: ndege isiyowaka moto, zimamoto haigusi. Ya kuigusa ni ya mafundi.

"Nimezitazama kwa karibu kama ninavyokutazama wewe," aliniambia. "Miaka karibu minne. Kiganja changu hakijawahi kugusa hata moja."

Hebu fikirieni. Unampenda mtu, mnaonana kila siku, na huruhusiwi kumpa mkono.

Alichofanya ni kusikiliza. Amesimama pale na kofia yake ya chuma, akaanza kuzijua kwa sauti. Jioni wakila, anamwambia Aloni, "Ile iliyotua ya tatu, injini ya kushoto inakohoa."

Aloni anamcheka. "Mzimamoto, kohoa wewe."

Kesho yake Aloni anaikagua. Kweli, plagi imekufa.

Ikatokea mara ya pili, ya tano. Aloni akaanza kusifiwa kwa kugundua matatizo mapema, na akavishwa ukoplo. Mkinga alikuwa mjanja lakini hakuwa mwizi. Siku alipovishwa alimwambia yule sajenti ukweli: masikio sio yangu, ni ya mtu wa zimamoto.

"Yupi?"

"Yule wa mfuniko, bwana."

Sajenti alicheka mpaka akaketi. Halafu akasema aje. Utakapofanyika mtihani wa kubadili fani, aje na yeye.

Mzee alikuwa akifika hapa kwenye simulizi sauti inabadilika. Mlango ulikuwa umefunguka. Kilichobaki ni mikono yake mwenyewe.

Wakaanza mazoezi. Kila Jumapili baada ya ibada wanakwenda nyuma ya bweni. Baba ananyanyua ubao kwa mkono wa kushoto, Aloni anampa kitu. Kijiko. Kiatu. Kitabu cha nyimbo. Kwa Aloni mwenyewe hakukosea, maana Aloni ni mwenzake.

"Hapana," baba akasema, "jifanye mkubwa."

Aloni akajifunika blanketi, akajikunja mgongo, akakohoa kama mzee wa ukoo. "Kamwene, mwanangu. Shika hiki."

Puu! Ubao chini, mikono miwili mbele.

Wenzao walikuwa wanakuja kuangalia kama sinema. "Mbena anapokea! Njooni, Mbena anapokea!" Miezi imepita hivyo. Alisema haikuwa kwamba amesahau. Akili inajua kabisa. Ila mtu mzima akinyoosha mkono, mwili unamkumbuka mama yake pale mtoni.

Mpaka Jumapili moja ubao ukabaki juu. Iliyofuata, ukabaki. Ya tatu, ukabaki. Aloni akalitupa blanketi akamwambia, "Sasa umekosa adabu kabisa. Uko tayari."

Siku ya mtihani ikabandikwa ukutani. Jina lake lipo, alilisoma mara kadhaa kwa siku.

Wiki ile ile vita ikaisha.

Watu walishangilia, wakarusha kofia. Yeye pia alirusha, Mungu amsamehe, alisema alirusha kwa kuwa wote wanarusha. Kesho yake karatasi ya mtihani ikabanduliwa, ikabandikwa nyingine: mitihani imesimama, askari wa Kiafrika watarudishwa makwao kwa zamu.

Hakuna aliyemfelisha. Hakuna wa kumlalamikia. Mtihani haukufanyika, basi.

Lori likamrudisha lilikomchukua, njia panda ya Makambako. Akakaa kwao Njombe miezi michache, kisha akarudi hapa hapa akafungua banda la kutengeneza baiskeli na mashine za kusaga. Akaoa, akatuzaa. Aloni naye alirudi Matamba akaweka mashine yake ya kusaga. Kila akishuka Makambako anamnyooshea baba kitu kwa mbwembwe, na baba anakipokea kwa mkono mmoja, wanacheka wao wawili tu. Sisi tulikuwa hatuelewi.

Na sisi watoto tulilelewa kwa sheria mbili. Mama: pokea kwa mikono miwili. Baba, bandani: mkono mmoja ubaki kazini! Tulikula makofi kwa zote mbili.

Mimi nilipokwenda kuposa Lupembe, baba mkwe kaninyooshea kikombe cha chai, mkono wa kushoto nimeshikilia stuli iliyokuwa inayumba. Nikapokea kwa mmoja.  Nusura ninyimwe mke, wakuu, mshenga wangu alitoka jasho kwenye baridi ile.

Turudi kwenye mada.

Nilipopata lori langu la kwanza, bovu kweli lakini langu, mzee alikuwa ameshapita miaka sabini. Akawa anapenda kukaa kiti cha mbele tukienda Njombe. Na humo garini ndimo alimonisimulia haya yote, kipande kwa kipande.

Kila tukifika Njombe anasema, "Pitia kule."

Kule ni kiwanjani. Nasimamisha kando. Hakuna kitu, nyasi na upepo. Anatazama weee. Halafu, "Twende."

Mimi na haraka zangu za mzigo nilikuwa nachukia. Siku moja nikamwambia, "Baba, mbona pale hakuna kitu?"

"Najua," akasema.

Basi tu. "Najua."

Sasa siku hiyo. Tumepitia kule kama kawaida na ndege ipo. Ndogo, ya injini moja, imeleta madaktari. Rubani ni kijana wetu Mtanzania, shati jeupe lina oili, anahangaika na mfuniko wa injini peke yake. Upepo wa Njombe mnaujua, anaunyanyua unamrudia.

Mzee kashuka kabla sijazima gari. Na fimbo yake.

Kijana akamwona. "Shikamoo mzee. Samahani, unaweza kunishikia hapa kidogo? Huu upepo unanitesa."

Baba akaiegemeza fimbo kwenye tairi. Akanyanyua mkono wa kushoto, akaushika mfuniko.

Nilitaka kwenda kumsaidia, mzee wa watu ana zaidi ya miaka sabini. Nikabaki nimeshika mlango wa lori.

Rubani akainama, akakaza huku, akakaza kule. Halafu bila hata kugeuka akanyoosha mkono nyuma. "Na hii, mzee."

Spana.

Niliona mkono wa kulia unatoka. Peke yake. Ukaichukua.

Wa kushoto haukuachia.

Rubani hakujua kitu. Alimaliza, akafunga, akashukuru, akaomba spana yake. Baba aliifuta kwanza kwa shati.

Tumeondoka. Tulipokuwa tunapita Mtwango akaniuliza.

"Umeuona?"

"Nini, baba?"

"Mkono."

"Nimeuona."

Akatazama dirishani, misitu inapita. Akasema, "Nimefaulu." Halafu, "Aloni angekuwepo." Aloni alikuwa amefariki mvua zilizotangulia.

Mimi ni mwanaume wa kupigana na tope. Niliegesha lori nikasema naangalia tairi.

Nyumbani mama akaleta maji ya kunawa, ugali uko mezani. Baba akakataa kunawa mkono wa kushoto na wa kulia, yote ina oili. Mama akagomba, "Utakulaje?"

Akaomba kijiko. Mzee wa Kibena, ugali, kijiko. Akala taratibu, anajitazama viganja.

Hakuishi miaka mingi baada ya pale. Yuko kijijini kwake, karibu na bibi.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza: jeshi la anga ni pana kuliko marubani, na hakuna kazi ndogo humo. Ila fani unayoitaka itafute mapema kwa nguvu zako zote, usingoje karatasi ibandikwe ukutani, maana siku yoyote inabanduliwa. Na sisi wenye magari na haraka zetu: mzee wako akikwambia pitia kule, pitia. Usimuulize kuna nini.

Juzi nimetoka Njombe na dereva wangu mmoja. Nikamwambia apitie kiwanjani, tukasimama kando. Nikatazama weee.

Akaniambia, "Bosi, mbona pale hakuna kitu?"

Nikamwambia najua.

Mwenye mzee aliyehudumia ndege za Mwingereza, awe mpishi, karani, mlinzi, yeyote, aandike hapa chini alisimuliwa nini. Anayetaka kusema ni chai naye aseme, namkaribisha Makambako nimwonyeshe ile fimbo. Nitasoma comment zote. Polepole lakini, mimi darasa la nne.